Meseji za Majokofu ya Watu

Shemeji aliingia sebuleni na viatu vyake, akaweka karatasi juu ya kompyuta ya Bi Bure kama mtu anayefunika sufuria.

"Saini hapo chini, penye mstari."

Jina la Bi Bure alipachikwa na Shemeji mwenyewe, siku aliposikia kwamba mdogo wa mke wake ameandika programu ya kuchunga majokofu, kisha ameiweka mtandaoni watu wajichukulie. Programu ile ilikuwa na kazi moja: jokofu likianza kupata joto, inamtumia mwenyewe meseji. Shemeji, mtunza stoo wa ghala la dawa za mifugo, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaichukua, akaifunga kwenye majokofu ya ghala.

Sasa ilikuwa Jumatatu mchana. Chanjo za kuku, jokofu zima, zilikuwa zimeharibika mwisho wa wiki, na Shemeji hakupata meseji hata ya kusingiziwa.

Bi Bure alisoma karatasi. Mwandishi wa programu anakubali kubeba hasara yote. Akairudia, maana mara ya kwanza macho yalikataa.

"Shemeji, unanitania."

"Mimi labda. Bosi hatanii. Usiposaini wewe, mimi nafungasha virago. Dada yako yuko jikoni, nenda kamwambie."

"Nasikia," dada alijibu kutoka jikoni. "Endeleeni."

Bi Bure alijikaza asipandishe sauti. "Ile programu ina leseni. Maneno ya juu kabisa kwenye faili. Chukua, tumia, geuza utakavyo, ila maneno haya yaache yalipo. Na likitokea la kutokea, usinitafute. Uliyasoma?"

"Yale maneno mengi?"

"Hayohayo."

"Niliyafuta. Bosi alitaka faili safi, lenye jina la kampuni juu."

Bi Bure alifumba macho. Dunia nzima aliiomba kitu kimoja tu. Hakuomba senti, hakuomba asante. Na hicho kimoja ndicho kilichofutwa.

"Hebu nilione hilo faili safi."

Shemeji alilifungua. Lilikuwa safi kweli, kama sahani iliyolambwa.

"Chini ya leseni palikuwa na mstari wa kuandika namba ya simu. Yako iko wapi?"

"Niliiandika! Wallahi niliiandika."

"Uliiandika. Halafu?"

"Halafu bosi akataka usafi." Shemeji aliinama karibu na kioo, akahesabu mistari kwa kidole.

"Yaani baba," dada aliuliza kutoka jikoni, "umejifuta mwenyewe?"

Shemeji alimgeukia Bi Bure. "Sasa kama namba haikuwepo, meseji zilikwenda wapi?"

Hapo Bi Bure ndipo alipohisi shingo ikipata moto. Pasipokuwa na namba, programu hutumia ile aliyoiweka yeye siku za majaribio, akaisahau humo. Namba yake. Tangu hapo majokofu ya watu asiowajua yalikuwa yakimlilia asubuhi na jioni, kwa sababu hakuna anayesoma kitu alichopewa bure. Alichoka. Akazizima mlio meseji zote hizo.

Alichukua simu, akashuka na zile meseji moja moja. Jumamosi: *Jokofu limepata joto, nyuzi 14.* Jumapili: nyuzi 19. Nyuzi 23.

"Zilikuja kwako," Shemeji alisema.

"Zilikuja. Kama za ulimwengu mzima zinavyokuja. Hazisemi jokofu ni la nani."

"Na wewe ukakaa kimya."

"Leseni inasema..." Aliishia hapo. Leseni ilisema kweli, neno kwa neno, na bado haikumtosha kinywani.

Dada alitokea na mikono inayochuruzika maji, akasoma karatasi kwa mbali asiilowanishe. "Utasaini?"

"Sisaini. Nikisaini hii, kesho kila mwenye jokofu atakuwa mlangoni kwangu. Lakini tutakwenda wote kwa bosi. Nitamwonyesha alichofuta Shemeji, na nitamwonyesha simu yangu."

"Na simu?" Shemeji alishtuka. "Si atakubana wewe?"

"Anibane. Kwanza ningojeni kidogo."

Alivuta kompyuta, akaifuta namba yake, akaandika amri mpya: pasipo namba ya mwenye jokofu, programu isiwake kabisa. Aliyekwisha kuichukua ya zamani, shauri yake. Alipokuwa anaipandisha mtandaoni, simu ikamulika mezani. *Jokofu limepata joto, nyuzi 12.*

"La nani hilo?" Shemeji aliuliza.

"Ningejua ningempigia."

Shemeji aliitazama simu bila kucheka. "Na huyu naye," alisema polepole, kama anayepokea habari za msiba wa jirani, "atakuwa kayafuta yale maneno mengi."

"Twende, Shemeji. Viatu si unavyo."