Kuku Wawili wa Domitila

Mwaka ule redio ilitangaza mafua ya ndege kila taarifa ya habari, na Kigoma nzima ikaliogopa yai. Ugonjwa wenyewe ulikuwa nchi za mbali huko, hata kuku mmoja wa mtaa wa Rusimbi hakuwa amepiga chafya, lakini nani asikilize? Wauza chipsi walikaanga viazi vitupu. Bei ya trei ya mayai ikashuka mpaka ikawa aibu kuitaja, na wafugaji wengine wakachinja kuku wao na kufunga mabanda.

Rozalia hakuchinja. Mjane yule alikuwa mbishi tangu utotoni, na kuku wake wa mayai ndio waliomfanya asirudi kijijini Kalinzi kulishwa na kaka zake kama mtoto. Alijinyima ili wao wale. Alinunua dagaa waliovunjikavunjika, akachanganya na pumba, na hela ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaomaliza banda zima, ikaishia humo humo.

"Dada Rozalia, mdondo hausubiri bei ipande," alimwonya Elinipa, afisa mifugo aliyehamishiwa pale kutoka Upareni.

"Kwa hiyo nichanje kuku wenye njaa?"

Ubishi ukamlipa. Miezi ikapita, hakuna aliyekufa kwa kula yai, watu wakakumbuka utamu wa chipsi mayai, na mjini mayai yakawa hakuna. Bei ikaruka. Mwenye hoteli mmoja akaja mwenyewe kuweka oda, achukue yote yatakayotagwa. Siku hiyo Rozalia alitembea mtaani kama tajiri.

Ndipo akaja Domitila kuaga. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Walijuana hospitali, watoto wao walipolazwa kitanda kimoja, na miaka yote ya kambi walitembeleana kama watu wa tumbo moja. Sasa alikuwa anarudi kwao Fizi kwa meli, na bandarini walikuwa wamekataza kupandisha ndege wa aina yoyote, kwa sababu ya mafua hayo hayo. Mkononi alikuwa na kikapu chenye kuku wawili.

"Njo hawa tu walibakia, dada. Wengine wote walikufa," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Uwafuge. Usiwachinje."

Rozalia alisikia vizuri kwamba wengine walikufa. Alijua pia kwamba kuku mgeni hutengwa kwanza. Lakini utaifungia vipi zawadi ya rafiki yako jikoni, mwenyewe amesimama anakutazama, kana kwamba amekuletea uchafu? Domitila alitaka kuwaona wakiingia bandani kwa macho yake. Basi Rozalia akafungua mlango, akawaachia katikati ya wenzao, na wanawake hao wawili wakacheka kuku walivyoanza kugombea dagaa. Halafu akamsindikiza bandarini, wakalia sana. Aliporudi alisema atawatoa kesho. Kesho yake akaona kuwatoa ni kumsaliti mtu ambaye meli yake bado haijafika, akawaacha.

Mwenye hoteli alichukua mayai wiki moja tu. Kisha kuku wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani. Elinipa alisema ni mdondo, akasema kwa sauti ili majirani wasikie, lakini majirani walikuwa wameshasikia redio. Wakapita upande wa pili wa njia. Mwenye hoteli akatuma mtu kusema asipelekewe hata yale ya zamani. Banda zima likafa, isipokuwa wale wawili wa Domitila, waliokuwa wakiparura kati ya mizoga kwa raha zao.

"Hawa waliugua kambini wakapona," Elinipa alisema. "Wenyewe wazima, lakini wanausambaza. Wakiwa hapa, usilete kifaranga."

"Na wasipokuwa hapa, nitaleta kifaranga kwa hela gani?"

Elinipa akampa pole, akawasha pikipiki yake.

Rozalia aliwachinja wale wawili mwenyewe, akawatupa shimoni juu ya wengine, akamwaga mafuta ya taa. Alijua kaka zake watakuja kumchukua kabla ya mwezi kwisha, na kwamba safari hii hatabisha. Domitila hakuwa na kosa. Alitoa kitu pekee alichobakiwa nacho. Rozalia alilijua hilo vizuri kabisa, akiwa amesimama pale na kiberiti mkononi, na bado alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, wala hakuona namna ya kuacha.