Kidimbwi Nilichokihamisha

Mihogo yetu hulala majini siku nne ndipo ilainike. Tunaimenya, tunaipanga katika vidimbwi pembeni mwa kijito, tunaifunika majani ya mgomba na kuigandamiza kwa mawe. Kidimbwi changu nilikirithi kwa mama mkwe.

Kiwanda cha wanga kilipofunguliwa mlimani, njia ya kwenda Kibondo, maji yake yalishushwa kwa bomba mpaka kijitoni, meupe kama uji mwepesi. Chini ya bomba mihogo ikawa inalainika siku mbili. Nikafurahi. Kidimbwi cha mama mkwe kilikuwa juu ya bomba. Nikakiacha, nikachimba kingine chini ya bomba, hatua tatu tu. Wenzangu wote wa kule juu wakanifuata.

"Mama, sasa umeajiriwa kiwandani," Immakulata, mke wa mwanangu, akanicheka.

Watu wa kiwanda wakaja na karatasi, wakauliza kama maji yana shida. Nikasema hayana, yanalainisha mihogo vizuri sana. Nikatia sahihi, maana darasa la saba nilimaliza.

Mvua zilipokatika, kijito kikapungua. Mawe yakavaa utando wa kijivu, unateleza kama kamasi. Kaa wakatoka wakafia mchangani. Sisi tuliendelea kuchota maji ya kunywa kulekule chini, kama siku zote. Aline, binti wa Immakulata wa miaka miwili, akaharisha. Alilazwa siku tisa, akarudi shingo imekuwa kama ya kifaranga.

Majaliwa, bwana afya, akachota chupa mbili, moja juu ya bomba na moja chini, akazipeleka Kasulu kupimwa. Akarudi na majibu.

"Bibi, ule weupe ni chakula cha vijidudu. Vikishiba vinazaliana, vinamaliza hewa ya majini. Ndiyo maana kaa walikimbia. Na vya kuharisha vimejaa humo humo."

"Kumbe ndivyo vilivyokuwa vinanilainishia mihogo?"

"Hivyo, au ndugu zao."

"Basi bomba lizibwe."

Kwenye mkutano wa kijiji, Majaliwa akasema maji ya juu ya bomba ni safi. Kasian, msemaji wa kiwanda, akasimama taratibu.

"Huko juu kuna kidimbwi hata kimoja cha mihogo?"

Hakikuwapo; wote walikuwa wamenifuata chini. Kasian akaendelea.

"Basi uchafu ni wa mihogo yenu. Maji yetu mliyasifu wenyewe." Akasoma karatasi, na jina langu, herufi kwa herufi.

Ikaamuliwa vidimbwi vifukiwe. Bomba litaendelea kuchunguzwa. Changu nilikifukia kwa jembe langu mwenyewe.

Mihogo sasa tunaiuza mibichi, kiwandani hukohuko. Immakulata anachota maji vilima viwili mbali, upande wa Kitahana. Akipita na ndoo kichwani ananiamkia vizuri, kwa heshima zote. Utani hana tena.