Sauti ya Mume wa Digna

Maji yalifungwa mpunga ukiwa na mimba. Lango la Mfereji Mrefu lilitiwa kufuli Jumatatu asubuhi, na majaruba yote ya upande wa chini, kuanzia kwa Bi Fausta mpaka njia ya Idete, yakaanza kupasuka nyufa. Upande wa juu, kwenye shamba la tajiri ambaye hakuna aliyewahi kumwona, maji yaliendelea kutembea kama kawaida. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao Evarist, mwenyekiti wa umoja wa wamwagiliaji. Mpunga wenye mimba ukikosa maji hautoi punje, unatoa mapepe, maganda matupu. Kulijua hilo hakuhitaji mtaalamu.

Fridolin alikuwa na majaruba mawili huko chini. Yalikuwa ya mkewe hasa, yeye alisaidia tu kuvuna. Lakini wiki ile hakuwa anawaza mpunga. Alikuwa anawaza besi.

Evarist aliimba besi katika kwaya ya kigango. Ilikuwa besi nzuri, hata wasiompenda walikubali. Digna, mke wa Fridolin, aliimba sauti ya pili katika kwaya hiyo hiyo. Nyumbani, akimenya ndizi, aliimba sehemu yake, kisha alinyamaza kidogo mahali ambapo besi hujibu, halafu akaendelea. Ule unyamavu mdogo ndio uliomla Fridolin. Mke kuimba si kosa. Lakini alikuwa anamwachia mtu nafasi, na mtu mwenyewe hakuwa mume wake.

Kazi ya Fridolin ilikuwa kutafsiri filamu kwenye banda la video nyuma ya duka la Abdulswamad, pale Lumemo. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, na watu wa kwenye filamu walipofungua midomo kwa lugha zao, yeye alieleza wanachomaanisha. Alikuwa na sauti ya bibi kizee, ya polisi, ya mganga, ya mtoto anayelia. Nyumbani alibaki na moja tu, nyembamba, kama ya mtu aliyetumwa kuomba chumvi kwa jirani.

Wiki ile walikuwa wanaonyesha filamu ya zamani isiyo na rangi. Mpelelezi mwenye kofia anamfuata mkubwa mmoja aliyekula fedha za daraja, daraja likaanguka na watu juu yake. Mwishoni mwanamke aliyetaka kutoa ushahidi anapigwa risasi kituo cha treni. Polisi ni watu wa mkubwa. Mpelelezi anabaki ameshika mkoba wa yule mwanamke, na mkubwa anapanda gari lake anaondoka. Fridolin hakuupenda mwisho huo, na watu waliolipa kiingilio wasingeupenda pia. Kwa hiyo alitafsiri kwamba mama amezimia tu na anapelekwa hospitali, na lile gari ni la polisi, mkubwa kakamatwa. Watu waliona damu kwa macho yao, wakamsikiliza Fridolin, wakaenda nyumbani wameridhika.

Yule mkubwa wa kwenye filamu, Fridolin alimpa besi ya Evarist. Ilianza kama kijembe. Watu walijipiga mapajani kwa kucheka.

"DJ, huyo si mwenyekiti huyo!"

"Muulize maji yetu yako wapi!"

Fridolin akakolea. Aliipenda ile sauti ilivyomjaa kifuani. Siku ya tatu, filamu ilipokwisha, alimwomba Abdulswamad maji ya kunywa, na besi ikatoka yenyewe. Akakohoa, akaomba tena. Besi.

Abdulswamad alimpa kikombe. "Umechukua cha watu, Bwana Fridolin," alisema. "Na chako umekiacha wapi?"

Kilikuwa kwa Evarist. Evarist alikigundua asubuhi iliyofuata, alipokwenda kumwamkia shangazi yake. Midomo ilisema, "Shikamoo shangazi, nimekuja kukujulia hali." Sauti nyembamba ikasema, "Shikamoo. Nimekuja kuangalia kama kile kiwanja bado hujampa mtu." Shangazi akaitikia marahaba, akamwambia kiwanja ameshampa binamu yake, Valentino.

Si ajabu. Sauti ya Fridolin ilikuwa imefanya kazi moja miaka yote: kuchukua maneno ya mdomoni na kutoa maana yake. Ilipohama haikuacha kazi. Midomo ya Evarist ilitangulia kidogo, sauti ikafuata nyuma, kama filamu iliyotafsiriwa. Midomo ilisema, "Ndugu zangu tuvumiliane, mchakato unaendelea." Sauti ikasema, "Maji nimewauzia wa juu, ninyi hamna cha kunipa." Sokoni walisema sauti ile ni nyembamba mno kwa mwanamume mwenye kitambi kile. Baada ya siku mbili Evarist alijifunga kitambaa mdomoni, akawa anaonyesha kwa kidole kwamba ana jino linalouma.

Fridolin naye, jioni ile ile sauti zilipohama, alifika kwake akapiga hodi. Digna alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Fridolin alichukua pakiti ya chumvi akasoma kilichoandikwa, uzito, mahali ilipotengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumika. Digna alisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, na ugali ukashika chini.

Tangu hapo alimwita karibu. Alimwandalia maji ya kuoga bila kukumbushwa. Walipolala alimwambia, "Baba Eveline, zima taa, uniambie habari za leo." Eveline, binti yao, alikuwa anasoma bweni Mahenge, nyumba ilikuwa yao wawili. Fridolin alizima taa, akasimulia, na mkewe akaegemea kifua chake kama ambavyo hakuwa ameegemea kwa miaka. Alipaswa kufurahi. Alilala akiuonea wivu mdomo wake mwenyewe. Mtu akimfumania mkewe na mwanamume mwingine anaweza kumpiga yule mwanamume, au kumfukuza. Fridolin hakuwa na wa kumfukuza.

Siku moja alijikaza. "Wewe na Evarist mna nini?"

Lakini besi ile haikujua kuuliza, ilijua kutangaza tu. Swali likatoka kama tangazo la kanisani. Digna akatabasamu gizani. "Sauti si mtu," alisema, na Fridolin hakujua kama huo ni utetezi au ni kukiri.

Bi Fausta alimfuata bandani Jumatano ya wiki iliyofuata. Alikuwa mjane mwenye jaruba la kwanza chini ya lango, na yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba mpaka wilayani wakakubali kumtuma afisa aje kusikiliza malalamiko.

"Shikamoo mama," alisema Fridolin.

"Marahaba. Eeh, imekupendeza hiyo sauti. Sasa sikiliza, mwanangu. Yako iko mahali pazuri, iache hapo hapo mpaka kesho. Afisa akishafika, mimi nitamuuliza mwenyekiti la ufunguo. Mbele ya afisa hawezi kujifunga kitambaa. Yeye atadanganya, sauti yako itatafsiri. Tunapata maji kesho hiyo hiyo."

"Na mimi nifanye nini?"

"Ukae. Usiulize lolote. Wivu umekukaa kichwani kama ndoo, kila mtu anauona ila wewe uliyeubeba."

Digna alimwambia hivyo hivyo usiku. "Kesho liwe la maji tu. La kwako niulize mimi, hapa, nitakujibu." Fridolin hakumuuliza. Alijua akiuliza kwa sauti ile, mkewe atasikiliza sauti.

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la umoja, saa nne asubuhi. Afisa aliitwa Nazari. Alikuja na gari jeupe, akakaa katikati ya meza, Evarist kushoto kwake. Wanaume walikaa kwenye magunia, wanawake kwenye mabenchi ya kwaya yaliyoazimwa kigangoni. Bi Fausta alisimama.

"Mwenyekiti, ufunguo wa lango uko wapi?"

Evarist akaonyesha jino. Afisa, ambaye hakuwa amesikia habari za Lumemo, akamwambia avue kitambaa ajibu kama mtu mzima. Evarist akavua.

Midomo ilisema, "Ufunguo umehifadhiwa ofisini kwa usalama wa miundombinu." Sauti ikasema, "Uko mfukoni mwangu. Wa pili anao msimamizi wa shamba la juu, ndiye aliyenijengea ile nyumba Morogoro. Wa tatu tulimpa huyu bwana niliyekaa naye. Hajawahi kuutumia. Anautunza."

Afisa Nazari aliacha kuandika. Alivua kifuniko cha kalamu, akakirudisha. Ghala zima lilikuwa linasubiri swali la pili kama watu wanaosubiri chakula ambacho wameshakisikia harufu.

"Basi utoe," alisema Bi Fausta. "Tukafungue sasa hivi, jua halijakuwa kali."

Evarist alifungua mdomo, akaogopa kitakachotoka, akaufunga. Akaingiza mkono mfukoni, akauweka ufunguo mezani. Ulikuwa ufunguo mdogo wa shaba, umefungwa uzi mwekundu. Kijana mmoja alikuwa ameshasimama kuuchukua.

Ndipo Fridolin aliposimama. Kwa wiki nzima alikuwa amekaa na sauti isiyojua kuuliza, na mbele yake kulikuwa na mdomo usioweza kudanganya. Aliuona ule mdomo, hakuuona ufunguo.

"Una nini na mke wangu?" alisema.

Besi ilijaza ghala ikatoka mpaka barabarani. Waendesha baiskeli walisimama. Haikusikika kama swali.

Midomo ya Evarist ilisema, "Mambo binafsi hayahusiani na mkutano huu." Sauti ikasema, "Sina naye kitu. Nilimtaka. Alikuja ofisini kuomba maji, nikampa masharti yangu, akanitemea mate kwenye kiatu. Nikaamua nikifunga, na yake yafungwe."

Wanawake waligeuka kumtazama Digna. Digna hakumtazama Evarist. Alimtazama mumewe.

Afisa Nazari alikuwa ameshapata nguvu. Alipiga meza kwa kiganja, polepole.

"Hii sauti inayotoka kwa mwenyekiti ni ya nani?"

Wanaume wakajishughulisha na kamba za magunia.

"Nauliza. Ni ya nani?"

Abdulswamad alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu asiyeweza kuongopa mbele ya kadamnasi, na hakuona ubaya wa kusema kinachojulikana. "Ya Fridolin, mheshimiwa. Lumemo nzima inaijua."

"Basi aliyeyasema yote haya ni Fridolin," alisema afisa. "Na sababu yake ameitaja mwenyewe hapa, mmeisikia. Wivu wa mke. Ndugu zangu, hili si la maji. Hili ni la nyumbani."

Akauchukua ufunguo mezani akampa Evarist. Evarist akaurudisha mfukoni, akajifunga kitambaa.

"Lakini ufunguo umeuona, baba," alisema Bi Fausta.

"Nimeuona, mama. Kila lango lina ufunguo."

Fridolin alilala kituoni kwa kosa la kumchafua mwenyekiti kwa sauti. Askari waliipenda ile besi, wakamwomba aimbe. Aliimba. Asubuhi wakamwachia.

Alimkuta Digna anafunga nguo kwenye kanga. Pikipiki ya kumpeleka Lupiro kwao ilikuwa nje.

"Nilimtemea mtu mate kwa ajili ya nyumba hii," alisema Digna. "Na wewe ukaniuliza mkutanoni."

"Sikukuuliza wewe. Nilimuuliza yeye."

"Ndiyo hiyo."

Akamwomba asiseme tena chochote mpaka pikipiki iondoke. Alisema akiisikia ile sauti atabaki, na hakutaka kubakizwa na besi. Fridolin akanyamaza. Hilo aliweza.

Jumapili alirudi bandani. Filamu ilikuwa ile ile. Besi haikuweza kuwa bibi kizee wala mtoto anayelia, kwa hiyo watu wote wa kwenye filamu walisema kama mwenyekiti. Mwanamke alipoanguka kituoni, Fridolin alisogeza kipaza sauti.

"Amekufa," alisema. "Mkubwa anakwenda nyumbani kula."

Watu walitoka. Hakuna aliyedai kiingilio chake.

"Siku zote nilijua lile si gari la polisi," alisema Abdulswamad, akichomoa waya. "Lakini ulikuwa unalisema vizuri." Wiki iliyofuata alileta runinga ya kuonyesha mpira.

Lango halikufunguliwa mpaka mvua zilipokuja zenyewe, na wakati huo mpunga ulikuwa umeshamaliza kutoa ulichotoa. Evarist alichaguliwa tena. Hasemi mikutanoni. Anaandika, na katibu anasoma, na kilichoandikwa hakitafsiriwi. Watu wameizoea hali hiyo. Wanasema mwenyekiti ana jino.

Gharama ya swali lile ilikuwa hivi. Majaruba yote ya chini, mapepe. Bi Fausta aliezua mabati ya jiko akayauza ili anunue mchele, yeye aliyelima mpunga. Kwaya ilipoteza sauti ya pili na besi ndani ya mwezi mmoja. Banda la video lilikosa mtafsiri. Fridolin, anapomenya ndizi zake, huimba besi peke yake na kunyamaza mahali ambapo sauti ya pili ilikuwa inaingia. Ile sauti yake nyembamba iko kwa Evarist, chini ya kitambaa, haitumiki.

Na mke mmoja, ambaye hakuwa amefanya kitu.