Nguo ya Kuvukia

Asubuhi baada ya Napo kuzikwa, kitanda chake cha kufumia kililia kama kawaida. Mkewe Dzatu, aliyekuwa uani akitwanga muhogo, alimwona ameketi mahali pake, miguu imelowa hadi magotini, akipitisha uzi wa mshindio. Jiwe la kukazia mtande, zile nyuzi ndefu zilizonyooshwa hadi upande wa pili wa ua, lilikuwa limeanza kumsogelea polepole kadiri nguo ilivyofumwa, kama lilivyomsogelea miaka yote. Dzatu akawafukuza kuku wasikanyage uzi.

"Umerudi?"

"Mvushaji amenikataa," alisema Napo. "Anasema mto wa wafu hauvukwi na mtu aliyevaa mkeka."

Ni kweli alizikwa na mkeka. Kpodzi kilikuwa kijiji cha wafumaji, na mzaliwa wa pale akifa alivishwa nguo hadi walio hai wakamwonea wivu. Lakini Napo na Dzatu walinunuliwa kutoka kaskazini, na mtumwa na mkeka wake, labda na kitambaa akihurumiwa. Nusu ya wazee wa kijiji walivuka wamevaa kazi ya mikono ya Napo.

Dzatu akaenda kumpigia magoti bwana wao, Agboka.

"Bwana, mpe nguo moja tu. Kazifuma mwenyewe."

Agboka alikuwa akila. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa faida tu, na hao ndio wabaya zaidi.

"Anakula?"

"Hali, bwana."

"Analala?"

"Halali."

"Sasa nimpe nguo aende wapi?" Akalamba mchuzi wa bamia vidoleni, akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kaja na jembe lake mkononi!"

Napo akafuma masika yote. Kila nguo ilipokamilika, Agboka aliikata akaipeleka sokoni, na wanunuzi wakaisifu kwa ubaridi wake. Majirani walikuja kutazama, wakarudi makwao wakiwaza. Mwaka ule hakuna mtumwa wa Kpodzi aliyezikwa na hata kitambaa.

Dzatu alisokota uzi kando ya mumewe. Alikuwa na nguo moja, aliyopewa na mke wa Agboka kwa kumlelea watoto, nayo aliihifadhi chunguni kwa ajili ya siku yake ya kufa. Hakuwa na kingine duniani alichoweza kukiita chake. Jioni moja aliona vidole vya Napo vimelika hadi mfupani. Akaitoa nguo chunguni.

"Na wewe?" aliuliza Napo.

"Mimi miguu yangu bado mikavu. Vaa, mume wangu, kabla sijabadili nia."

Napo akavaa, akaenda zake. Jiwe likasimama katikati ya ua. Dzatu akalia sana, kisha akaukusanya uzi.

Agboka hakumpiga. Aliuliza tu, "Una nguo nyingine?"

"Sina, bwana."

"Haya," alisema Agboka.

Dzatu alikufa wakati wa kuvuna viazi vikuu, wakamkunja mkekani. Asubuhi iliyofuata alikuwa ameketi uani, miguu imelowa hadi magotini, kijiti chake cha kusokotea uzi kikizunguka. Agboka akatoka, akamwitikia salamu, akamsogezea kikapu cha pamba.