Mlango Wazi wa Mtakatifu Nikola

Siku ya mtakatifu wa nyumba, kwetu, mtu haalikwi. Anakuja tu. Aliyekuja mwaka jana atakuja mwaka huu, na babake alikuja kabla yake, na ukimwita ni kumtukana, kana kwamba bila wewe kumwita asingekuwa na adabu ya kufika. Sasa, kwa kuwa hukumwita, huwezi kumwambia asije. Mlango huachwa wazi tangu asubuhi, mshumaa huwashwa, mkate hukatwa kwa wimbo na kumwagiwa divai, na mwenye nyumba hakai chini mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Husimama karibu na mlango, humbusu kila anayeingia mashavuni mara tatu, humimina rakija, pombe kali ya matunda. Kitu kimoja tu huufunga mlango huo, nacho ni msiba. Nyumba yenye kilio huwasha mshumaa wake kimya kimya, na mwaka huo watu hupita mbali.

Mtakatifu wetu ni Nikola. Nusu ya Serbia husherehekea Nikola, na nusu nyingine huja kula. Mwenye nyumba alikuwa baba mkwe wangu, Tihomir, aliyeacha sehemu kubwa ya mapafu yake katika mgodi wa makaa ya mawe. Akipanda ngazi za ukumbini alisimama katikati kupumua, huku akijifanya anatazama mawingu.

Mwaka wa pili wa korona masharti yalikuwa yamelegezwa. Mikahawa ilijaa, barakoa zilining'inia kwenye vioo vya magari kama mapambo, na kila mtu alisema imekwisha. Hospitalini hawakusema hivyo, lakini nani anaisikiliza hospitali akiwa na glasi mkononi?

Tihomir alikuwa hajachanjwa. Msidhani ni ujinga. Mzee alikuwa na sababu yake, nami naiheshimu ingawa imenichoma moyo. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa, serikali iliwakataza wazee wote kutoka nje, hata kununua mkate. Mume wangu Vukašin, kwa kuogopa polisi, alifunga lango la ua akatia ufunguo mfukoni. Ni wakati huo huo Milisav alipofariki, mwenzake Tihomir wa mgodini, mtu waliyekuwa wakigawana naye hata tumbaku. Mzee aliomba ufunguo. Vukašin alilia, lakini ufunguo hakuutoa. Gari la maiti likapita mbele ya nyumba yetu, na Tihomir akamuaga rafiki yake dirishani, kofia mkononi. Tangu hapo hakuna mlango uliofungwa kwa ufunguo nyumbani kwetu, hata wa choo. Na neno la Vukašin kwa babake likawa halina uzito tena.

"Waliponifungia hawakuniuliza," mzee alikuwa akisema kila chanjo ilipotajwa. "Sasa wananiuliza. Basi jibu langu ni hapana. Nimengoja sana kuulizwa."

Mimi na Vukašin tulichanjwa mjini kwa siri, kama watu wanaokwenda kuzini. Kijijini kila mtu alikuwa daktari. Huyu alisema sindano inakausha kizazi, yule alisema inaweka chuma kwenye damu. Bingwa wao wote alikuwa Radisav, mume wa wifi yangu Verica, ambaye mzee alimpenda kuliko mwanawe wa kumzaa kwa sababu Radisav anajua kuchekesha. Alikuwa akijibandika kijiko kwenye paji la uso, anazunguka meza nacho bila kukiangusha, anasema hivi ndivyo watakavyotembea waliochanjwa, na harusini hawatahitaji kupewa vijiko. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa alichukua muda mrefu kurudi.

Nilimsihi kiangazi kizima. Mwishowe alinichoka.

"Mwanangu," aliniambia, "nionyeshe mtu mmoja anayekaa mezani kwangu aliyechanjwa na hajutii. Mmoja tu. Kesho yake nitakwenda mwenyewe, hutanishika hata mkono."

Nikafungua mdomo. Nyuma ya mzee, Vukašin alikuwa akinitikisia kichwa. Baadaye aliniambia kwamba baba akijua tumemficha jambo kama lile hatatusamehe. La ufunguo lilitosha. Nikanyamaza, kwa hasira ambayo bado sijaimaliza.

Desemba ikaingia. Nilianza kuota midomo. Kila nilipofumba macho niliona midomo ya watu ikilisogelea shavu la mzee, kulia, kushoto, kulia tena, na yeye amesimama, hana pa kukimbilia, kwa sababu mwenye nyumba hakimbii. Sikuweza kuwazuia watu, kwa kuwa hawakualikwa. Sikuweza kumkalisha chini, kwa kuwa angeona nimemzika akiwa hai. Nikaona imebaki njia moja tu. Nikamwambia Vukašin kwamba nitasema nina korona. Alikubali upesi, maana jambo lenyewe halikumtaka afanye lolote.

Nikampigia simu mwenye duka, nikakohoa kidogo, nikamwomba asimwambie mtu. Kabla ya jioni kijiji kizima kilijua. Nikahamia chumba cha nyuma tunakoweka matufaha ya majira ya baridi, chenye dirisha la nondo na kitanda cha chuma. Mzee alikuja kusimama nje ya mlango akaniuliza kama nataka chai ya maua ya linde, ya kushusha homa. Sauti yake ilikuwa ya upole mno, nikaona aibu.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha uzima.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: hata asiyeamini huogopa akiwa peke yake. Lakini watu wangu sikuwajua. Mtu aliyetumia mwaka mzima akisema korona ni mafua, atakaaje nyumbani kwa ajili ya mafua? Atakayekosa atajulikana kwamba aliamini. Kwa hiyo walikuja. Walikuja hata wale ambao huja mwaka mmoja na kuruka mwingine. Nikiwa nimekaa kitandani kati ya masanduku ya matufaha niliwasikia wakikung'uta theluji viatuni, nikasikia mabusu, nikasikia mmoja akiuliza iko wapi hiyo korona aipe mkono. Mzee alicheka na kila mmoja. Harufu ya samaki na maharage ya kuokwa ilinijia chini ya mlango. Nilikuwa nimejichimbia shimo, nikaingia, na sherehe ikafanyika juu ya kichwa changu.

Kabati la sahani liko ukumbini, ubavuni mwa chumba kile. Kuelekea adhuhuri nilisikia sahani zikigongana, na sauti ya wifi yangu Verica, chini chini.

"Mwenzio yumo humo na homa, baba anamhudumia, nawe umemkumbatia baba hivyo."

"Mimi nina sindano zangu mbili mkononi," Radisav akasema. "Na wewe unazo. Tutapiga chafya mbili tatu, basi."

"Na baba je?"

"Unataka nikaseme pale mezani? Mwaka mzima nimewachekesha na kile kijiko, Verica. Watanizika nacho."

Walipoondoka nilibaki nimesimama. Mtu mmoja, mzee alisema. Mtu mmoja wa mezani kwangu. Kumbe alikuwapo wakati wote, tena yule anayempenda. Nikiendelea kukaa pale uongo wangu ulikuwa salama na mzee angebaki na sababu zake. Nikitoka, nitaumbuka mbele ya kijiji. Nikatoka.

Wote walikuwa mezani. Mzee alisimama karibu na mlango, chupa mkononi, midomo imepauka kwa kusimama. Kuniona tu, wageni wakavuta viti nyuma, wale wale wasioamini.

"Baba, siumwi," nikasema. "Nilidanganya ili watu wasije wakakuambukiza. Na ulitaka nikuonyeshe mtu mmoja. Huyu hapa, Radisav. Amechanjwa, na Verica amechanjwa, na mimi, na mwanao."

Uso wa Radisav uliiva, kisha akapata pa kupitia, maana mchekeshaji hakosi.

"Shemeji, homa imefika ngapi?" akauliza. "Jana mgonjwa, leo mzima. Jana mimi sijachanjwa, leo nimechanjwa. Ngojeni kesho, atasema mimi ni askofu."

Wakacheka, kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Wachache hawakucheka; waliinamia sahani zao, na hao nimewafikiria sana tangu siku ile. Tihomir pia hakucheka. Alimgeukia mume wangu.

"Vukašin. Wewe ndiye mumewe. Anaumwa au haumwi?"

Niliona mume wangu akiutazama mshumaa. Akisema siumwi, basi yeye ni mwongo aliyemdanganya babake nyumbani kwake, siku ya mtakatifu wake, mbele ya wageni wake.

"Anaumwa, baba," alisema. "Hajui analosema."

Mzee akaweka chupa chini, jambo ambalo mwenye nyumba halifanyi, akanishika mabega kwa mikono yake miwili, hakuogopa, akanirudisha chumbani. Alinifunika blanketi, akaniambia nisijiaibishe mbele za watu. Nikamshika mkono nikauweka kwenye paji la uso wangu, nikamsihi aniguse aone kwamba sina moto. Lakini alikuwa amesimama penye mlango wazi tangu asubuhi, na mikono yake ilikuwa baridi kama chuma. Paji la uso wa yeyote lingemuunguza.

"Unawaka, mwanangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Lala."

Akatoka. Ndipo nikasikia mlio ambao haukuwa umesikika nyumbani mwetu tangu Milisav azikwe. Ufunguo ulizunguka kwenye kitasa.

"Si kwa ubaya," alisema kwa nje. Akavuta pumzi. "Nitakufungulia wageni wakiondoka."

Niligonga, kisha nikaacha kugonga. Nilisikia mgeni mpya akikung'uta viatu, na mabusu matatu.

Haikufika Krismasi yetu, ambayo huwa Januari 7, mzee alikuwa hospitalini. Hawakuturuhusu kuingia. Muuguzi mmoja mwenye huruma alimshikia simu sikioni, nami nikasikia mashine kwanza, kisha yeye.

"Lile ulilosema juu ya Radisav," akauliza, neno moja moja. "Lilikuwa kweli?"

Mwaka mzima nilikuwa nimelitafuta swali hilo kinywani mwake. Sasa ukweli ungempa nini? Ungemwambia kwamba meza yake yote ilimcheka, na kwamba ufunguo aliouzungusha ulimfungia mtu asiyeumwa, aliyekuwa akimwambia kweli.

"Hapana, baba. Ilikuwa homa."

"Nilijua," alisema, na nilisikia akifurahi. "Radisav asingenificha."

Tulimzika Januari, kaburi la pili kutoka kwa Milisav.

Nikola wa mwaka uliofuata tuliwasha mshumaa, mimi na Vukašin, tukakata mkate bila wimbo. Vukašin alisimama kwa sababu sasa yeye ndiye mwenye nyumba, ingawa hakukuwa na mgeni wa kumpokea. Theluji ya uani haikuwa na alama ya kiatu. Karibu na adhuhuri Radisav alikuja hadi mlangoni, peke yake, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Aliniambia: Zorana, nimekuja kusema lile jambo, niseme mbele ya Vukašin, niseme hata kanisani ukitaka. Alisema hapati usingizi.

Nilimwacha amalize. Nyuma yangu mshumaa ulikuwa ukiwaka mbele ya picha ya mtakatifu, na kiti cha mzee, ambacho hakuwahi kukikalia siku hiyo, kilikuwa mahali pake.

"Nyumba ina msiba, shemeji," nikamwambia. "Hatupokei wageni."

Nikafunga mlango, nikazungusha ufunguo.