Mti wa Panda wa Eustakia

Je, wewe umewahi kuona mgomba ukiangushwa na huruma? Eustakia wa Kanazi aliuona, tena nyuma ya jiko lake mwenyewe.

Mwanawe Audax alikuwa amekuja jana yake na pikipiki kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo anakolima mahindi. Goti la mama lilikuwa limevimba tangu masika, naye alitaka kumchukua wakaishi pamoja huko kwake. Eustakia hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Kwanza ule," akampakulia ndizi na maharage.

Asubuhi akachukua panga na fimbo yake, akateremka kichakani polepole kutafuta mti wenye panda nzuri, wa kutegemeza ule mgomba ulioinamishwa na mkungu wake. Aliporudi akiuburuta mti huo, mgomba ulikuwa chini. Audax alisimama kando, utomvu umemchafua shati.

"Nimekusaidia, mama. Ulikuwa unaanguka."

"Ulikuwa umeinama," alisema Eustakia.

Akauinamia mkungu, akashika kidole kimoja cha ndizi. Kilikuwa chembamba, kingo zake bado kali. Ndizi zile hata kuchemshwa hazikufaa.

Adelfina, jirani yake, alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Lo! Nani kaua mtoto tumboni?"

"Huyu hapa. Anasema amenisaidia."

Adelfina akacheka. "Baba, kwenye semina ya kikundi chetu tulifundishwa. Wazungu wana maneno mawili, 'help' na 'support'. Ukinipokea mzigo ukaubeba wewe, hiyo ni 'help'. Ukinishika mkono nisiteleze, mzigo ukabaki kichwani kwangu, hiyo ndiyo 'support'. Wewe umepokea mzigo wa mgomba usiokuomba."

"Maneno ya semina hayo," Audax alisema, akifuta panga lake kwa jani. "Msaada ni msaada."

"Haya, kawaambie mbuzi. Leo wao ndio waliosaidiwa." Adelfina akaenda zake.

Eustakia aliuegemeza ule mti wa panda ukutani, akaukwangua magome yaliyolegea, kana kwamba bado ungepata kazi. Audax alimtazama.

"Mama, nikufungie vitu leo? Kule hutashika jembe. Mke wangu atapika, atafua, atachota maji. Wewe utakaa tu."

"Nitakaa tu."

"Ndiyo. Upumzike."

Mama akatazama migomba mingine, iliyosimama na iliyoinama.

"Audax, huu mgomba ulipoukata, ulimwuliza nani?"

Audax akalaza panga chini.

"Basi mimi uniulize," alisema mama.

Kuku walikwisha fika kwenye mkungu.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka kubaki hapa, nilime mwenyewe. Wewe uwe unakuja masika, unikatie miti ya panda. Kule kichakani goti linanikatalia."