Besi Ilikopotelea

Reino Ylitalo alikuwa amepima ardhi ya mkoa wa Savo tangu ujana wake hadi kustaafu, na katika kazi hiyo hakuwahi kukuta kitu kilichokataa kupimika. Mto una upana wake, kilima kina kimo chake, na jirani mgomvi ana mpaka wake. Kwa hiyo mjukuu wake Helka alipomwomba amsindikize mjini Kuopio kununua spika ya gitaa lake la besi, mzee alifunga tai, akapiga viatu rangi, akaamini kwamba kabla ya chakula cha mchana shauri litakuwa limekatika.

Chakula cha mchana kilipita. Reino alikuwa bado amesimama dukani mbele ya spika mbili, kola imemloa jasho, asijue ashike ipi aache ipi.

Ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati la sahani, imekwisha kutumika, pembe zake zimechubuka. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja kama kikapu cha uyoga. Bei zao zilikaribiana, na fedha ambazo Helka alizipata kwa kuchuma stroberi kiangazi chote zilitosha kununua moja tu.

"Ipi ina sauti zaidi?" Reino alimuuliza Jyri, mwenye duka.

"Hiyo kubwa ni kubwa," alisema Jyri.

"Basi hiyo ndiyo ifaayo kwa bendi ya dansi."

"Yaweza kufaa."

"Na ndogo je?"

"Nayo sijasikia mtu akiitukana, mzee."

Reino alizaliwa mkoa wa Pohjanmaa, kwenye tambarare ambako mtu akisema ndiyo huwa ndiyo, hata ikimgharimu ng'ombe. Alikuwa ameoa Savo, amezaa Savo na amezika mke Savo, lakini maneno ya watu wa huko yalikuwa bado yanamponyoka kama samaki mbichi. Mtu wa Savo hulisema jambo, kisha humtwisha msikilizaji mzigo wa kujua ni nini kilichosemwa.

"Bwana mdogo, nimekuuliza swali lenye jibu."

"Nami nimekujibu mara mbili," Jyri alisema kwa upole, akaendelea kukunja waya.

Helka alimvuta babu yake kando. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mchache wa maneno, na hakuna jirani ambaye hakuwa ameambiwa na Reino kwamba msichana huyu hupiga besi katika bendi ya Rissanen.

"Babu, usimgombeze. Nikitoka hapa na spika isiyofaa nimekwisha. Rissanen amenipa Ijumaa hii tu. Anasema wiki iliyopita hakuisikia besi yangu hata kidogo."

"Amesema atakufukuza?"

"Amesema kazi ya maktaba nayo ni kazi nzuri."

"Hilo si kufukuzwa."

"Kwa Rissanen ni kufukuzwa, babu, tena kwa hasira."

Mzee aliona aibu ya familia nzima ikimjia. Akairudia spika kubwa, akaigonga ubavuni kama anayegonga pipa. "Asiyesikika na aongeze sauti," alisema. "Tunachukua hii." Jyri aliwaruhusu kuirudisha Jumatatu au kuibadilisha iwapo haitawaridhisha, kwa maana, alisema, watu wengine hurudi na wengine hawarudi.

Ijumaa jioni jua lilikuwa bado juu ya ziwa walipoishusha spika ile katika ukumbi wa dansi wa Koivulahti. Ukumbi ule ulikuwa wa mbao tupu, kuanzia sakafu hadi paa, na juu ya jukwaa vilining'inia vipaza sauti viwili vya ukumbi wenyewe, ambavyo Rissanen alivitumia kwa uimbaji peke yake. Kwake mwimbaji ni mwimbaji, na kila mpigaji ajitegemee. Wanawake walijipanga upande mmoja, wanaume upande wa pili. Reino alikaa kwenye benchi karibu na dirisha la kahawa, mgongo wima, mikono magotini, kama aliyeitwa kutoa ushahidi.

Nyimbo mbili za kwanza zilipokwisha na wanaume wakawarudisha wanawake mahali pao, Rissanen aliinama juu ya kodiani yake akamgeukia Helka.

"Binti, umeleta spika au umeleta kabati tupu?"

Helka akaongeza sauti. Zikapigwa mbili nyingine. Mara Aune Kokkonen, mjane aliyeuza kahawa, akatoa kichwa dirishani.

"Bwana Ylitalo, mwambie mtoto wako apunguze. Vikombe vyangu vinatembea wenyewe mezani, na kimoja kimekwisha kujitupa."

Reino alikwenda jukwaani, akanong'ona, "Punguza, mjukuu wangu."

"Rissanen amesema niongeze."

"Aune amesema vikombe vinaanguka."

"Sasa nimsikilize nani, babu? Anayenipa kazi au anayekupa kahawa?"

Mzee akaugeukia ukumbi. Alisimama pale chini ya jukwaa, akatega sikio, na kwa kweli besi ilikuwa hafifu kama mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Akatembea hadi mlangoni. Pale ilimpiga kifuani kama lori linalopita. Akarudi, ikatoweka. Akaenda tena, ikamngurumia. Katika hesabu zote alizosomeshwa, kitu hakiwezi kukosekana na kuzidi kwa wakati mmoja. Je, ni masikio ya uzee? Je, alimchagulia mtoto spika mbovu kwa kiburi chake, na sasa anamtazama akipoteza nafasi yake mbele ya watu? Jukwaani Helka aligeuza kitufe kulia, akakigeuza kushoto.

Ukafika wakati wa wanawake kuchagua wanaume wa kucheza nao. Aune alivua aproni, akaja moja kwa moja.

"Simama, Bwana Ylitalo. Ukinikataa, kahawa yako namwagia maua."

"Nina jambo zito, Bi Aune."

"Lichukue tucheze nalo."

Wakaingia. Kando ya ukuta miguu ya Reino ilikwenda sawa, mbao zikimnong'oneza kila pigo. Walipofika katikati ya ukumbi, pigo likatoweka chini ya viatu vyake, naye akakanyaga pasipotakiwa.

"Hicho ni kidole changu," alisema Aune. "Nina haja nacho bado."

"Niwie radhi. Umesikia? Imepotea hapa."

"Kilichopotea hapa ni adabu."

Reino hakumsikia. Alimgeuza Aune, akaanza kumpeleka kinyume cha mzunguko, jambo ambalo katika ukumbi wowote wa dansi ni sawa na kutembea juu ya meza ya chakula. Watu waliwakwepa. Mwanamume mmoja aliuliza kama barabara imebadilishwa.

"Bwana Ylitalo, ulimwengu mzima unazungukia huku."

"Napima," alisema Reino.

Wakapita kona moja baada ya nyingine, wakavuka katikati, wakapita mbele ya kiti cha Rissanen. Kwenye kona na kuta besi ilirundikana kama theluji iliyosukumwa na upepo. Katikati ilikuwa haba. Mbele ya kiti cha Rissanen haikuwapo kabisa. Kwa nini ilikuwa hivyo, hakujua, na kutojua huko kulimuudhi sana. Lakini alikuwa amejua ni wapi.

Bendi ilipopumzika alipanda jukwaani. Helka alimwona uso ulivyo, akasema taratibu, "Babu, tafadhali."

"Rissanen," alisema Reino, "umeongoza bendi hii muda mrefu. Ni lini uliisikiliza ukiwa kule chini?"

"Kule chini ni kwa wanaocheza."

"Basi unamhukumu mtoto kwa ushahidi wa mtu mmoja, na mtu huyo amekalia kiti kibaya. Shuka."

"Nikishuka, nani atapiga kodiani?"

"Hakuna. Watu watavumilia wimbo mmoja."

Rissanen aliweka kodiani kitini, kwa uangalifu wa mtu anayelaza kitoto, akashuka. Aune, ambaye alikuwa bado hajarudisha aproni, akamshika mkono. Helka, mpiga gitaa na mpiga dramu wakaanza wimbo wa polepole, na Reino akabaki jukwaani kama mlingoti. Rissanen alizunguka ukumbi, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Ukutani aliinua nyusi. Katikati alisimama kabisa, watu wakampita.

Aliporudi alikaa, akavaa kodiani yake, akatazama ziwa kupitia mlango ulio wazi.

"Kule inanguruma," alisema. "Katikati hamna kitu. Na hapa nilipo hamna kitu."

"Ndivyo," alisema Reino.

"Kumbe anapiga."

"Anapiga tangu jioni ianze."

Helka akasema kwa sauti ambayo babu yake hakuwahi kuisikia: "Hili kabati si la lazima, Mzee Rissanen. Waya wangu uingie kwenye vipaza sauti vya ukumbi, na mimi niwe na spika ndogo juu ya kiti, kando ya sikio lako. Watu wapate yao, wewe upate yako. Dukani ndogo ipo."

"Kando ya sikio lipi?"

"Utakalopenda."

"La kushoto limechoka," alisema Rissanen. Akafikiri. "Jumamosi ijayo tunapiga Suonenjoki. Gari huondoka saa kumi."

Kisha akaanza kupima mapafu ya kodiani yake, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine jukwaani.

Reino alingoja. Akamwinamia Helka, ambaye alikuwa amepiga magoti akichomoa waya, mabega yakimtetemeka.

"Hilo ni jibu gani? Amekuchukua au hajakuchukua?"

"Babu," alisema Helka, na mzee akaona kwamba alikuwa anacheka, "amenitajia saa."

"Saa nimeisikia. Nauliza ndiyo iko wapi."

"Shika upande huu wa spika, tuisogeze ukutani. Jumatatu tunairudisha."

Reino akainama, akashika pembe iliyochubuka, akanyanyua, akiwa bado anaitafuta ile ndiyo.